Kununua studio maana yake nini hasa

Itaje Kugali mbele ya mashabiki wa katuni, hachelewi mtu kusema "si Disney walishainunua ile." Mwingine atalisema hilo kwa fahari, kwamba hatimaye Waafrika tumeonekana. Mwingine atalisema kama anatangaza msiba, kwamba hata hicho kidogo tulichokuwa nacho kimeshachukuliwa. Kisha wataanza kubishana, na ubishi wote utakuwa juu ya jambo ambalo halikutokea. Kugali, kampuni ya hadithi za picha iliyoanzishwa na Wanijeria wawili na Mganda mmoja, ilishirikiana na studio ya katuni ya Walt Disney kutengeneza Iwájú, mfululizo unaoionyesha Lagos ya miaka ijayo. Ulitangazwa Desemba 2020, ukaanza kuonekana Disney+, huduma ya Disney ya kutazama filamu mtandaoni, Februari 2024. Walifanya kazi pamoja. Hakuna aliyemnunua mwenzake.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Kampuni inanunuliwa pale mtu au kampuni nyingine inapochukua hisa zake zote, au nyingi kiasi cha kuwa na kauli ya mwisho. Malipo yanaweza kuwa fedha taslimu, yanaweza kuwa hisa za mnunuzi, au vyote viwili. Kwa kawaida iliyonunuliwa haifutiki. Inabaki na jina lake, madeni yake, mikataba yake na watu wake, ila sasa ni kampuni tanzu, na anayeamua nani aongoze ni kampuni mama. Wapo pia wanaosema "zimeungana", nao hao siwalaumu sana. Hata sheria ya ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inauhesabu ununuzi wa hisa kuwa aina ya muungano, kwa sababu inachokiangalia ni kama udhibiti wa biashara umehama.

Kinachonikera ni kingine. Shabiki akisikia studio imenunuliwa, anaamini wahusika wote wa filamu wamekwenda nayo. Akisikia wahusika ni mali ya Disney, anaamini studio nayo ni ya Disney. Anafanya umiliki wa kampuni na umiliki wa wahusika kuwa kitu kimoja, wakati vinaweza kukaa kwenye mikono miwili tofauti kwa miaka na miaka, na mikono hiyo ikawa inagombana.

Chukua Pixar, studio ya Marekani ya katuni za kompyuta. Ilianza kama idara ya kompyuta ndani ya Lucasfilm, kampuni ya filamu ya George Lucas. Mwaka 1986 Steve Jobs, yule wa Apple, aliinunua kutoka kwa Lucas kwa dola milioni 5, akatia nyingine milioni 5 za mtaji. Huo nao ulikuwa ununuzi, tena wa kwanza kwa Pixar, lakini sijawahi kusikia shabiki anaulilia. Mwaka 1991 Pixar, ikiwa haina fedha wala jina, iliingia mkataba na Disney wa kutengeneza filamu tatu. Disney ingetoa fedha na kusambaza, Pixar ingetengeneza na kupata fungu dogo la faida, na filamu pamoja na wahusika wake vingekuwa mali ya Disney. Kwa hiyo Toy Story ilipotoka Novemba 1995, Woody na Buzz, wanasesere wakuu wa filamu hiyo, walikuwa wa Disney tangu siku ya kwanza. Hii ni zaidi ya miaka 10 kabla Disney haijaimiliki Pixar.

Wiki moja hivi baada ya filamu hiyo kutoka, Jobs aliziuza baadhi ya hisa za Pixar kwa umma. Fedha zilizopatikana ziliibadilisha meza ya mazungumzo: Pixar iliweza sasa kusema italipa nusu ya gharama zake yenyewe. Ndivyo ulivyopatikana mkataba wa 1997, wa filamu tano, gharama nusu kwa nusu, faida nusu kwa nusu, na jina la Pixar kuonekana sambamba na la Disney. Disney pia ilichukua hisa chache za Pixar wakati huo, na wapo wanaosema kwamba hapo ndipo "ilipoinunua". Hapana. Mwenye hisa chache ni mwanahisa kama wengine.

Lakini kwenye mkataba huo huo kulibaki mwiba. Haki ya kutengeneza mwendelezo wa filamu ilibaki kwa Disney. Pixar ilikuwa na nafasi ya kwanza ya kukubali kazi hiyo, ikikataa Disney inaweza kuendelea bila yake. Tena mwendelezo haukuhesabiwa ndani ya zile filamu tano, ndiyo maana Toy Story 2 ya mwaka 1999, pamoja na mafanikio yake yote, haikupunguza deni la filamu ambazo Pixar ilipaswa kutoa hata kidogo. Jobs na Michael Eisner, aliyekuwa mkuu wa Disney, waligombana juu ya mambo haya hadi mazungumzo ya mkataba mpya yakavunjika mwanzoni mwa 2004. Baada ya hapo Disney ilianzisha studio nyingine, Circle 7, na kuiweka kazini kuandaa Toy Story 3 bila Pixar. Watu waliomtunga Woody, wakampa sauti, mwendo na wivu wake, wangemwona akichezwa na wageni. Kisheria hapakuwa na kosa lolote. Mwenye mali alikuwa akiitumia mali yake.

Basi jiulize: kama wahusika ilikuwa nao tayari, na haki ya mwendelezo ilikuwa nayo tayari, mwaka 2006 Disney ilinunua nini?

Bob Iger, aliyeshika nafasi ya Eisner Oktoba 2005, amewahi kueleza mwenyewe jinsi alivyolifikia jibu. Septemba mwaka huo alihudhuria ufunguzi wa Disneyland ya Hong Kong. Gwaride la wahusika likapita mbele yake, naye akagundua kwamba wahusika wapya wa miaka ya karibuni karibu wote walikuwa kazi ya Pixar. Studio ya Disney yenyewe ilikuwa imekauka. Tarehe 24 Januari 2006 ununuzi ukatangazwa: dola bilioni 7.4, bila fedha taslimu, kila hisa moja ya Pixar ikibadilishwa kwa hisa 2.3 za Disney. Jobs, aliyekuwa na takriban nusu ya Pixar, akawa mwanahisa binafsi mkubwa kuliko wote ndani ya Disney na akapewa kiti kwenye bodi. Ed Catmull na John Lasseter, viongozi wa studio iliyonunuliwa, ndio waliokabidhiwa studio ya katuni ya mnunuzi. Pixar ilibaki kwao Emeryville, California, na kulikuwa na orodha ya maandishi ya mambo ambayo Disney haitayagusa, mengine madogo kiasi cha kuchekesha. Kilichonunuliwa ni watu na namna yao ya kufanya kazi.

Circle 7 ilifungwa mwaka huo huo. Toy Story 3 ikarudi kwa wenyewe, ikatoka mwaka 2010 ikiwa kazi ya Pixar. Sasa rudi kwenye ile hoja inayopendwa sana, kwamba Disney iliinunua Pixar ili iweze kukamua wahusika wake. Mambo yalikuwa kinyume. Kukamua ingeweza hata bila kununua, na ilikuwa imeshaanza. Ununuzi ndio uliomrudisha Woody kwa waliomtengeneza.

Sisemi kwamba baada ya hapo yote yalikuwa mazuri. Miendelezo iliongezeka, na mtu akilalamika kwamba Pixar ya leo inarudia njia zake kuliko ile ya zamani, ana haki ya kulalamika na mimi nitamuunga mkono kwa baadhi ya filamu. Ila hilo ni suala la uongozi: nani anapitisha wazo, nani anapanga ratiba. Kulitupia kwenye neno "kununuliwa" ni kukwepa kulijadili.

Marvel, kampuni ya hadithi za picha za mashujaa, ni kisa hicho hicho kilichogeuzwa. Agosti 2009 Disney ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 4, na mashabiki wengi wakaamini kila aliyewahi kuvaa barakoa kwenye kurasa za Marvel amehamia kwa Mickey. Kumbe miaka ya 1990 Marvel ilikuwa na njaa, ikafilisika mwaka 1996, na katika miaka hiyo haki za filamu za wahusika wake wakubwa ziligawanywa huku na kule. X-Men na Fantastic Four wakawa wa studio ya Fox, Spider-Man akawa wa studio ya Sony. Anayenunua kampuni hununua na mikataba yake, ile inayomnufaisha na ile inayomfunga. Ni kama kununua nyumba ya barabarani Kariakoo ukakuta fremu zile nzuri za mbele zina wapangaji wenye mikataba halali. Hati ni yako, jina lako liko pale, lakini fremu ya pembeni huiingii.

Ndiyo maana Agosti 2019, miaka 10 baada ya ununuzi huo, mashabiki walipandwa na hasira pale Disney na Sony zilipotofautiana na ikaonekana Spider-Man atatoka kwenye filamu za Marvel Studios. Wengi waliuliza inawezekanaje Sony "kumchukua". Haikumchukua, ilikuwa naye. Ilichofanya tangu 2015 ni kukubali Marvel Studios wamtengenezee filamu ambazo Sony yenyewe inazigharamia na kuzisambaza, na Septemba 2019 wakakubaliana upya. X-Men walirudi kwa njia nyingine kabisa: Machi 2019 Disney ilikamilisha kununua sehemu kubwa ya kampuni iliyoimiliki Fox, kwa dola bilioni 71 na zaidi kidogo. Yaani ili kuondoa mpangaji, ikamnunua mpangaji mwenyewe. Na hata hivyo bado ipo bustani ya burudani ya Universal kule Orlando, iliyofunguliwa mwaka 1999, ambako wahusika wa Marvel wanazunguka kwa mkataba wa zamani, huku bustani za Disney zilizo jirani zikizuiwa kuwatumia baadhi yao. Mwenye mhusika hawezi kumweka uani kwake.

Katika mkokoteni huo wa Fox ilikuwemo Blue Sky, studio iliyotengeneza filamu za Ice Age. Disney haikuwa imeifuata hiyo, ilikuja tu pamoja na mizigo mingine. Ilifungwa Aprili 2021 pamoja na ajira za watu takriban 450. Nashangaa kwamba mashabiki wanaotaka mfano wa studio iliyouawa na ununuzi bado wanamtaja Woody, wakati kaburi halisi ni hili. Blue Sky haikuwa na Jobs wa kukaa kwenye bodi wala orodha ya mambo yasiyoguswa. Wahusika wake walibaki Disney, watu wakatawanyika.

Turudi huku kwetu. Kinachotokea kwa studio nyingi za Afrika mpaka sasa ni kuagizwa kazi. Kizazi Moto, zile filamu fupi 10 zilizotoka Disney+ Julai 2023 zikiwa na jina la Kiswahili, zilisimamiwa na Triggerfish ya Cape Town na zikakusanya watengenezaji kutoka nchi mbalimbali, akiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Triggerfish iliendelea kuwa Triggerfish. Aliyeagiza analipa, anapelekewa kazi, na studio inabaki na wenyewe.

Lakini hapo ndipo neno "kununuliwa" linapotudanganya mara ya pili. Shabiki akishaambiwa studio haijanunuliwa, anatulia, anaona hakuna kilichopotea. Pixar ya mwaka 1991 nayo haikuwa imenunuliwa. Ilikuwa huru, ina mwenyewe, ina jina mlangoni, na wahusika wake walikuwa wa mtu mwingine. Ilipoingia mkataba mpya baada ya miaka 6, ikiwa na fedha zake na filamu iliyovunja rekodi mfukoni, bado haki ya mwendelezo haikuipata. Studio inayoagizwa kazi inaweza kulinda hisa zake zote na ikabaki bila kitu cha kumwachia mtoto.

Kwa hiyo ukiandika kuhusu Iwájú, sema Disney na Kugali wameshirikiana. Kuhusu Kizazi Moto, sema Disney iliagiza. Ukiniambia Disney imeinunua Kugali nitakukatalia taratibu na tutaendelea na mengine. Ukiniuliza yule binti Tola wa kwenye Iwájú ni mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kumtengenezea filamu ya pili, hapo vuta kiti.