Gundi ya Julai: kuunganisha ndege ya sarakasi Mbeya

Mchana natengeneza redio na simu hapa Mwanjelwa. Jioni nashinda na ndege za rimoti. Juzi nimemaliza nyingine, ya sarakasi, mabawa mita 1.2 toka ncha hadi ncha. Ilikuja vipande vipande ndani ya boksi. Kijitabu kinasema jioni mbili zinatosha. Mimi nimetumia wiki tatu, na wiki nzima imeliwa na mkia.

Karibu mwili wote ni balsa, mti ambao sehemu kubwa hutoka Ekwado. Jirani yangu seremala alikishika kipande kimoja, akakipima kiganjani, akacheka: “Kijana, hii utaipigilia msumari gani?” Hapana msumari, mzee. Ni gundi tu: supaglu kwenye vipande vidogo, epoksi, ile gundi ya chupa mbili zinazochanganywa, panapobeba mzigo, yaani kwenye kiungo cha mabawa, ukuta wa mota na mkia.

Na hapo ndipo baridi yetu inapoingia. Epoksi ya dakika 30 ni ya dakika 30 mahali penye joto. Usiku wa Julai hapa ni habari nyingine. Mwaka juzi nilibandika mkia, nikaupima, ukakaa sawa, nikaenda kulala. Gundi ilichelewa mno kushika, mkia ukapata muda wa kulalia upande taratibu, asubuhi nikaukuta umekauka hivyohivyo. Nilijipa moyo kwamba ni milimita chache. Hewani kila nikipiga kitanzi ndege ilitoka imeelekea kwingine, kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Siku hizi chupa zote mbili naziweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu, vifuniko vimekazwa, na kazi yenyewe inakauka chini ya balbu ya kulelea vifaranga. Mke wangu hajanisamehe hiyo balbu.

Kupima sitegemei macho. Nachomeka pini katikati ya pua, nafunga uzi wa kushonea, nauvuta hadi ncha ya kulia ya mkia na kuutia alama ya kalamu, kisha nauhamishia kushoto. Alama isipoangukia palepale, mkia umepinda. Halafu naenda nyuma hatua tano, nachuchumaa, naangalia kama mkia na mabawa vimelala sambamba. Ndege ya kujifunzia ingekusamehe. Hii ya sarakasi bawa lake limevimba sawasawa juu na chini ili iruke kichwa chini kama inavyoruka kawaida, kwa hiyo haina tabia ya kujinyoosha yenyewe. Ukiijenga imepinda, itaruka imepinda.

Jambo la pili ni hewa. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Bawa linabeba kidogo, pangaboi linavuta kidogo, na kutua kunahitaji mwendo zaidi. Ndiyo maana nafuta kila tone la gundi lililozidi, na pangaboi naongeza inchi moja, kisha napima umeme inaokula mota nisije nikaiunguza. Rangi na stika za mapambo zimebaki kwenye boksi.

Kujaza sevo (vimota vidogo vya usukani) na nyaya ni kazi ya saa moja, sina la kusema. Ila jaribu hili kila mara: sukuma kijiti kulia, eleroni ya kulia, yaani kibao kinachochezacheza nyuma ya bawa, lazima ipande. Ikishuka, geuza kwenye rimoti kabla hujajuta.

Mwisho ni uzani. Bawa langu, toka mbele hadi nyuma, lina upana wa wastani wa sentimita 24, kwa hiyo ndege inapaswa kutulia ikiegemezwa sentimita 6 hadi 8 kutoka ukingo wa mbele, yaani robo hadi theluthi ya upana huo. Naanza na 6. Nimeiweka juu ya vifutio viwili vya penseli vilivyobandikwa kwenye vijiti, mkia ukazama. Sikuongeza uzito wa madini ya risasi puani, nilikata dirisha dogo nikaisogeza betri mbele kama upana wa vidole viwili. Ikatulia.

Jumapili saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza, tunaipeleka kwenye shamba lililovunwa nje ya mji, mbali kabisa na njia za ndege za uwanja wa Songwe. Betri nitaipakata ndani ya koti isipate baridi.