Je, wajua kwa nini unabonyeza X kwenye pedi, kompyuta ya Linux inapiga shuti?

Kwenye vibanda vya gemu vya Chikongola na Magomeni, hapa Mtwara mjini, hukumu hutoka haraka: "Pedi imekufa." Kijana kabonyeza X atoe pasi, mchezaji wake kaachia shuti akiwa katikati ya uwanja. Kompyuta ni ya mtumba, imewekwa mfumo endeshi wa Linux kwa sababu haudai ada ya leseni, na pedi ni zile za USB za bei nafuu. Basi bisibisi inatafutwa, pedi inafumuliwa, na mara nyingi ilikuwa nzima kabisa.

Pedi haijui X wala pembetatu. Alama hizo zimechorwa juu ya plastiki kwa ajili ya macho yako. Ndani, kila batani ina namba tu. Ukibonyeza, pedi hutuma habari kwamba namba fulani imewaka. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huipokea, huipa kodi yake, yaani namba ya utambulisho, na kuipitisha kwenye faili mojawapo lililo ndani ya /dev/input. Gemu husoma hapo, kisha huamua yenyewe namba ile ina maana gani.

Kuna pedi nyingi sokoni ambazo amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, huzionyesha kama 0079:0006, za kampuni ya DragonRise. Hizi hujitambulisha kwa kerneli kama joystiki, kwa hiyo batani zake huanzia kodi 288, wakati pedi inayojitambulisha kama geimpedi huanzia 304. Kwa kawaida, kwenye hiyo DragonRise batani ya kwanza ni pembetatu, ya pili duara, ya tatu X, ya nne mraba. Gemu iliyozoea pedi za Xbox inahesabu kivingine: ya kwanza ni ya chini, ya pili ni ya kulia, ya tatu ni ya kushoto. Wewe unabonyeza X, ambayo ni ya tatu. Gemu inaelewa batani ya kushoto, na katika baadhi ya gemu za mpira, kama PES, kushoto ndiko kwenye shuti.

Hata pedi za kampuni kubwa hazijasalimika. Kerneli huziita batani nne za kulia kwa pande za dira: kusini, mashariki, kaskazini, magharibi. Ni mpango mzuri, kwa sababu A ya Nintendo iko kulia na A ya Xbox iko chini. Lakini xpad, draiva (programu ya kuongozea kifaa) inayohudumia pedi za Xbox, hutuma kodi 307, yaani kaskazini, kwa batani ya X iliyo upande wa kushoto. Draiva ya PlayStation iliyoingia kwenye kerneli 5.12 mwaka 2021 inafuata dira sawasawa. Ndiyo maana gemu ileile inaweza kubadilisha X na Y kwa pedi moja, na kwa nyingine ikatulia.

Kabla ya kugusa bisibisi, weka evtest, programu inayoonyesha kila kinachotumwa na pedi (kwenye Ubuntu ni sudo apt install evtest), iendeshe kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi, chagua pedi yako, kisha bonyeza batani moja moja. Utaona mstari kama huu: type 1 (EV_KEY), code 290, value 1. Ukiachia, value inarudi 0. Mstari ukitoka safi namna hiyo, pedi ni nzima, tatizo liko kwenye tafsiri. Mishale isikutie hofu: nyingi hazitumi kodi ya batani, hutokea kama ABS_HAT0X na ABS_HAT0Y, zenye thamani -1, 0 na 1. Kama mishale imehamia kwenye ABS_X, ambayo ni ya kijiti, bonyeza batani ya Analog uone taa nyekundu ikiwaka.

Dawa ya tafsiri ni kuiambia gemu ukweli. Gemu nyingi za Linux husoma pedi kupitia maktaba ya programu iitwayo SDL, ambayo hupokea ramani ya pedi kupitia kigezo cha SDL_GAMECONTROLLERCONFIG. Kwa DragonRise, sehemu ya ramani husomeka a:b2,b:b1,x:b3,y:b0, kwa kuwa herufi ni za pedi ya Xbox na hesabu huanzia sifuri. Programu ya AntiMicroX hukutengenezea ramani nzima kwa kubonyeza batani inazokuonyesha. Gemu ikiwa na ukurasa wake wa kupanga batani, anzia huko, ni rahisi zaidi.

Evtest ikinyamaza kwa batani moja tu, au ikitapika 1, 0, 1, 0 ilhali kidole kimetulia, hapo ndipo fundi anahitajika. Chini ya kila batani kuna mpira wenye kidonge cheusi cha kaboni, kinachounganisha njia mbili za umeme kwenye bodi. Jasho la mikono na unyevu wa chumvi wa mji wa pwani kama huu hufunika njia hizo. Chomoa waya wa USB, fungua, futa bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, kisha irudie evtest kabla hujakaza skrubu.