Mtoto Yesu ameshika nini?

Nikiletewa picha ya Bikira Maria na Mtoto Yesu ya enzi za Renesansi, sianzi na uso wa Mama. Naanza na mikono ya mtoto. Mara nyingi mchoraji ameficha kifo humo.

Mfano wangu wa siku zote ni picha ya Raphael iliyoko kwenye jumba la sanaa la Uffizi, Florence, Italia, aliyoichora mnamo 1506. Maria ameketi kondeni na kitabu mkononi, watoto wawili wamesimama magotini pake. Yohane Mbatizaji, naye bado mtoto, amemletea mwenzake ndege, na Yesu anampapasa kichwa. Mpita njia atasema ni watoto wanacheza. Lakini ndege huyo ana uso mwekundu, na jina lake la Kiitaliano, cardellino, linatokana na mibaruti, maana hula mbegu zake. Hadithi ya kale yasema alimng'oa Kristo mwiba wa lile taji, tone la damu likamrukia, na wekundu haukutoka tena. Basi Yohane anamkabidhi ndugu yake mateso yake mwenyewe, huku Yesu amekanyaga mguu wa mama yake, kama mtoto yeyote asiyetaka kuachwa. Mguu huo hunigusa kuliko ndege.

Carlo Crivelli hakuwa mpole hivyo: kwenye picha yake ya mnamo 1480 alimweka nzi pembeni kabisa, aashirie dhambi, na juu akaning'iniza matufaha na tango.

Hata hivyo, wanafunzi wangu wakishaonja mafumbo huyaona hata pasipo na kitu. Ushanga wa marijani nyekundu anaovaa Yesu wa Piero della Francesca hufafanuliwa kuwa ni damu yake. Sawa, lakini watoto wa Italia walivishwa marijani kweli, kuwakinga na jicho la husuda, kama bibi zetu walivyotufunga hirizi. Aliyemvisha mwanawe ushanga ule asubuhi aliuona kanisani, na maana zote mbili alikuwa nazo.

Na buluu ya joho la Maria? Ni mbingu, ndiyo, lakini ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililosafirishwa toka Badakhshan, Afghanistan. Mwaka 1485 Ghirlandaio alipopewa kazi ya kuchora Mamajusi wakimsujudia Mtoto, mkataba ulimbana: buluu iwe ya jiwe hilo, ya thamani ya florini 4 hivi, sarafu za dhahabu za Florence, kwa wakia.