Fosforasi ambayo kipimo cha kawaida hakioni, kutoka shamba la Vihiga hadi Ghuba la Winam

Maji ya Ghuba la Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria ulio Kisumu, yakigeuka kijani kwenye fukwe za Dunga ama Usoma, wavuvi wanatuuliza sisi tunaopima maji swali moja: mbona mlipima mkasema fosfeti iko chini, na sasa ziwa limejaa mwani namna hii? Ni swali la haki kabisa. Tena jibu lake linamgusa hata mkulima wa Vihiga anayeweka mbolea kila msimu na mahindi yake bado yanatoka na majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi.

Tuanzie kwa kile tunachopima, yaani fosfeti, ile fosforasi ambayo mimea na mwani hula moja kwa moja. Maji yanapitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.45, yanayopita ndio tunayaita yaliyoyeyuka. Halafu unatia dawa yenye molibdeti pamoja na vitamini C, unangoja dakika kadhaa, maji yanaanza kuwa bluu, na bluu ikikolea ujue fosfeti ni nyingi. Njia hii ilitolewa na Murphy na Riley mwaka 1962 na mpaka leo maabara nyingi duniani zinaitumia. Sasa chukua chupa ya pili ya maji yaleyale, itie pasalfeti, kemikali ya kuvunja molekuli, iweke kwenye mashine ya mvuke ya presha kwa nyuzi 120 hivi kama nusu saa, ipoe, ndio utie ile dawa. Safari hii bluu inatoka nzito zaidi! Hiyo tofauti ya chupa mbili, kwa sehemu kubwa, ndio fosforasi oganiki iliyoyeyuka, na pale ambapo mwani umeshamaliza fosfeti ya wazi, mara nyingi tofauti hiyo inakuwa kubwa kuliko chupa ya kwanza yenyewe.

Hii fosforasi imetoka kwa vitu vilivyokuwa hai na bado imefungwa ndani ya molekuli zao, yaani DNA, mafuta ya utando wa seli, ATP inayobeba nguvu ndani ya seli, na faiteti, ile akiba ya fosforasi iliyoko kwenye nafaka. Ni kama hindi lililo bado kwenye gunzi, chakula kipo lakini lazima kipukuchuliwe kwanza. Kazi ya kupukuchua inafanywa na vimeng'enya vinavyoitwa fosfatesi, na hapo ndipo penye shida yetu, manake bakteria wa kijani-bluu kama Microcystis, ambao ndio tunaowaita mwani na ambao ni wakazi wa kudumu wa Ghuba la Winam, wakiona fosfeti imepungua wanaanza kutengeneza fosfatesi zao wenyewe na kujilisha kutoka kwa hiyo akiba. Kwenye maji yenye njaa ya fosforasi fosfeti inaachiliwa na kumezwa tena ndani ya dakika chache tu, kwa hivyo ukipima unakuta karibu hakuna kitu, na kumbe karamu inaendelea. Na niseme hili mapema kwa sababu ya afya ya watu: Microcystis wengine hutoa sumu inayoitwa maikrosistini ambayo inaumiza ini na haiondoki kwa kuchemsha maji. Ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi ya kupaka usiyachote ya kunywa wala kupikia, na usiruhusu watoto waogelee hapo.

Twende juu milimani. Udongo mwekundu wa Vihiga, Kakamega na sehemu kubwa ya Siaya una asidi na umejaa chuma na alumini, na hivi viwili vinaishika fosforasi kwelikweli, ndio maana unaweka mbolea ya DAP na mmea unapata kidogo tu. Kwenye udongo mwingi kati ya asilimia 30 na 65 ya fosforasi yote ni ile oganiki, na si yote inayoshikwa sawa. Faiteti inanasa kwa chuma vibaya sana, lakini vipande vya DNA na vya utando wa seli vinashikwa kidogo, vinaweza kushuka na maji ya mvua hadi kwa kijito.

Lakini hata ile iliyonaswa haijakaa salama. Mvua kubwa ikipiga shamba lililo wazi kwenye mteremko, tuseme kule Nandi au Kericho, udongo unabebwa na fosforasi yake yote, unaingia mto Nyando, unapita Ahero na tambarare za Kano, unamwagwa ghubani. Huko chini kwenye matope oksijeni ikiisha chuma kinabadilika na kuachilia fosforasi kiliyokuwa kimeishika, kwa hivyo udongo uliotoka shambani miaka mingi iliyopita unaweza kulisha mwani wa leo. Kwa maoni yangu hili ndilo tunalolipuuza zaidi, tunaongea gugu maji kila siku na matope hatuyataji.

Tufanye nini basi? Mbolea ya kuku iangaliwe sana. Asilimia 60 hadi 80 ya fosforasi ya mahindi ni faiteti, na kuku hana uwezo mzuri wa kuivunja, inatokea nyuma karibu ilivyoingia, tofauti na ng'ombe ambaye vijidudu vya tumbo lake vinaivunja. Hiyo mbolea ioze kwanza chini ya mabati au nailoni, halafu ichanganywe na udongo, isiachwe juu juu wakati mawingu ya masika yameshafunga.

Halafu kuna tithonia, yale maua ya njano ya kwenye fensi na kando ya barabara. Majani yake yakikauka yana fosforasi karibu asilimia 0.37, na kiwango ambacho juu yake vijidudu vya udongo huanza kuachia mmea fosforasi badala ya kujichukulia wenyewe ni kama asilimia 0.25. Kwa hivyo ukikata majani mabichi ukayafukia, yanapukuchuliwa haraka na mahindi yanafaidi. Ila tusidanganyane, tithonia haileti fosforasi mpya, inaihamisha tu kutoka fensi kwenda shamba, na shamba lililochoka sana bado litahitaji mbolea ya dukani kidogo pamoja na chokaa.

Na kwa ndugu zetu wa vikundi vya fukwe na miradi ya maji: mkipeleka sampuli maabara ombeni wapime fosforasi jumla pia, si fosfeti peke yake, na chupa ikae kwenye barafu hadi ifike, manake vile vimeng'enya vinaendelea kufanya kazi hata ndani ya chupa.