Hekalu Kuu la Thanjavur: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Hekalu la Brihadisvara, lililoko Thanjavur katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, lilijengwa kwa amri ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, na likakamilika mwaka 1010. Mnara wake wa mawe ya graniti una kimo cha takriban mita 60. Masimulizi mengi yameuzunguka mnara huo, na yanayovuma kuliko yote ndiyo yanayowanyima wajenzi sifa wanayostahili.

Inasemekana kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi kamwe. Si kweli: asubuhi na jioni kivuli hicho hutanda uani, na yeyote aliyepo hukiona. Chanzo cha dhana hii ni hali ya adhuhuri katika miezi ambayo jua hupita karibu na utosi, kwa kuwa mnara ni mpana chini na hupungua kadiri unavyopanda, hivyo kivuli cha kilele huangukia mwili wa mnara wenyewe. Mwezi Desemba, jua likiwa limeelemea kusini, hata adhuhuri kivuli hutua ardhini upande wa kaskazini.

Dhana ya pili ni kwamba kuba lililo kileleni ni jiwe moja la tani 80, lililokokotwa juu ya tuta la mteremko lenye urefu wa kilomita kadhaa. Kuba hilo limeundwa kwa vipande kadhaa vya mawe vilivyounganishwa kwa ustadi mkubwa, na kwa maoni yangu ustadi huo unastahili kustaajabiwa kuliko uzito wa kubuni.

Wapo pia wanaodhani kwamba kila kinachoonekana ndani ya ua ni cha enzi za Rajaraja. Sanamu kubwa ya Nandi, fahali wa Shiva, mungu wa dini ya Kihindu anayeabudiwa hekaluni humo, iliwekwa karne kadhaa baadaye, katika enzi za watawala wa Nayaka. Michoro ya Nayaka ndiyo iliyofunika ile ya Chola kwenye kuta za ushoroba unaozunguka chumba kitakatifu, hadi ya kale ilipogunduliwa chini yake mwaka 1931.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba hakuna ajuaye hekalu hili liliendeshwaje na nani walilitumikia. Majibu yamechongwa kwa Kitamil kwenye mawe ya hekalu lenyewe: vito vilivyotolewa na mfalme, dada yake Kundavai na wengineo, wachungaji waliokabidhiwa kondoo 96 kwa kila taa ili walete samli ya kuiwasha daima, na wanawake wacheza ngoma 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopewa.