Gigahezi 2.45 si "masafa ya maji", jamani

Juzi tena. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, tena wa uhandisi wa mawasiliano, ananieleza kwamba maikrowevu hutumia gigahezi 2.45 (mitetemo bilioni 2.45 kwa sekunde) kwa kuwa hayo ndiyo masafa, yaani kasi ya mtetemo, ambayo maji "huyaitikia". Nimechoka.

Molekuli ya maji ina ncha chanya na ncha hasi. Uga wa umeme (nguvu ya umeme iliyomo ndani ya mawimbi ya maikrowevu) ukigeuka, nayo hujaribu kugeuka, lakini imebanwa na wenzake, inachelewa, na kule kuchelewa ndiko kunakozaa joto. Maji yakiwa na joto la chumbani, ufyonzaji huo wa nishati hufika kileleni karibu na gigahezi 20, nacho ni kilele kipana, kimelala kama mgongo wa kobe. Gigahezi 2.45 ziko mbali nacho, na ni heri. Huko kileleni mawimbi yangeishia kwenye ganda, kiazi kiive juu na kati kibaki kibichi. Kwa 2.45 huzama sentimita moja, mbili hivi. (Wale wa "inapika kuanzia ndani", mmejibiwa hapo hapo.) Masafa yenyewe ni ya mgao tu: yametengewa viwanda ili yasivuruge mawasiliano. Tanuri za viwandani Marekani hutumia megahezi 915 (gigahezi 0.915) na maji huchemka vilevile. Sasa maji yana "masafa yao" mangapi?

Kuhusu chakula kupata moto huku na kubaki baridi kule: mawimbi hugonga kuta za chuma, hurudi, hukutana na yanayokuja. Penye kuongezeana pana moto, penye kufutana pamepoa. Nishati haijapotea, imehamia kule yanakoongezeana. Urefu wa wimbi ni sentimita 12.2, kwa hiyo vitabu vinasema sehemu za moto huachana kwa nusu yake, sentimita 6. Toa sahani inayozunguka, weka bapa la chokoleti, washa kidogo, upime nafasi kati ya mashimo yaliyoyeyuka. Utakuta mashimo yamekaa ovyo, na mwenye haraka huchagua mawili yanayompa jibu analolitaka. Ndani ya lile sanduku mawimbi husimama kwa mitindo kadhaa kwa mpigo, pande zote tatu, na chakula chenyewe huuvuruga uga. Bakuli la maharage likishaingia, mimi siweki dau.

Barafu ndiyo balaa. Molekuli zake zimefungwa, zinafyonza kidogo mno kuliko maji. Ukingo wa nyama iliyoganda ukitangulia kuyeyuka, hunyakua karibu nishati yote, unaiva huku katikati ni jiwe. Ndiyo sababu kitufe cha kuyeyushia huwasha na kuzima, kuwasha na kuzima: joto lipate muda wa kusambaa lenyewe.