Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji haupitishwi wilayani

Timu yetu ya wilaya ikiingia kijijini na vifaa vya kupimia mipaka, kusaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, yaani makubaliano ya wapi palimwe, palishwe au pahifadhiwe, maneno huwa yameshatangulia: "Wamekuja kuchukua ardhi." Malalamiko ya namna hii yanaongezeka, na mengi yanatokana na kutojua nani anaamua nini.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji. Wilaya inawezesha kwa kuleta wataalamu wa ardhi, kilimo, mifugo, maliasili na maendeleo ya jamii. Mpango unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wakisaini muhtasari bila mkutano huo, hakuna kilichopitishwa, hata muhuri ukigongwa mara tatu. Muhtasari uambatane na orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi au dole gumba.

Basi hudhurieni. Katika kijiji kimoja ramani ya kwanza tuliichora chini, kwenye uwanja wa shule: majivu yakawa mto, magunzi yakawa mashamba. Mama mmoja aliinuka, akasogeza gunzi moja pembeni, akasema ng'ombe wanapita hapo kwenda lambo. Kwenye picha yetu ya satelaiti njia hiyo haikuwepo. Bila yeye tungeifunga.

Mifugo haijui mpaka wa kijiji, na sheria imelizingatia hilo. Vijiji vinavyotegemea maji au malisho yaleyale vinaweza kuwa na mpango wa pamoja. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilitenga malisho ya pamoja yanayoitwa OLENGAPA, jina lililoungwa kutokana na majina yao. Hata hapo, kila kijiji kinaamua kupitia mkutano wake.

Sasa faini, maana hapa ndipo tunapoletewa kesi nyingi. Sheria ndogo za kulinda mpango hutungwa na halmashauri ya kijiji baada ya wananchi kutoa maoni, kisha hupelekwa kwenye baraza la madiwani. Kabla baraza halijaziidhinisha hazina nguvu, na faini inayotozwa kwa rasimu haina msingi wa kisheria. Zikishaidhinishwa, kulima kwenye njia ya mifugo ni kosa, na kusema "babu yangu alilima hapa" hakutoshi. Aliye na dai hilo alitoe wakati wa kupanga, tulisikilize. Anayetozwa adai stakabadhi.

Na jamani, mpango si hati. Anayetaka hatimiliki ya kimila anaomba kwa halmashauri ya kijiji, shamba linahakikiwa majirani wakiwepo, cheti kinasainiwa na mwenyekiti, mtendaji na mwenye ardhi, halafu afisa ardhi wa wilaya anakisajili. Nakala ya mpango hutunzwa kwenye ofisi ya kijiji. Nendeni mkaiombe muisome, hasa kama shamba lenu linapakana na msitu, mto au njia ya mifugo.